Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kwenye kilio cha Monsieur Célestin, hapa Goma, nilikaa upande wa wanawake chini ya turubai, kikombe cha chai iliyopoa mkononi, nikiwasikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mambo ambayo yeye mwenyewe asingeyatambua. Mmoja alisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa kugomba, mwenye kurudia neno moja mara nne mpaka umchukie, na nadhani ndiyo sababu nilimpenda. Nilikuwa bado nabishana na msemaji kimoyomoyo nilipohisi mkono begani. Mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, amemshika mtoto wa kike, aliniinamia akauliza: "Mama Mapendo, unanijua?" Nikamwambia kweli tupu, kwamba macho yangu siku hizi hayanisaidii. Akacheka kidogo, akaniwekea mdomo sikioni, akasema kama mtu anayetaja jina lake la ubatizo: "Miye njo deux cent douze." Kwamba yeye ndiye mia mbili na kumi na mbili. Chai ikanimwagikia mapajani. Nilimvuta akae, nikamshika mikono yote miwili.

Ya wazazi wangu na shamba letu la kilimani siyasemi hapa. Nataka chumba kimoja tu. Kilikuwa Masisi, katika nyumba ya mapadri, chumba cha mwisho kwenye baraza, ambacho kabla ya vita kilikuwa ghala la mbegu za maharagi. Harufu ya maharagi haikuwahi kutoka. Kulikuwa na kabati la mbao lenye kufuli, meza mbili, dirisha moja ambalo asubuhi halikuonyesha kitu ila ukungu, na juu ya meza kubwa, imefunikwa kitambaa cheupe cha altare kilichopasuka pembeni, mashine: ordinateri, yaani kompyuta, ya kwanza niliyoiona maishani mwangu. Jenereta ilikuwa nyuma ya jikoni. Iliwashwa saa tatu na kuzimwa saa sita mchana, kwa sababu mazutu, yaani dizeli, yalipanda kutoka Goma kwa shida, na siku barabara ilipofungwa hayakupanda kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na diplome ya État, cheti cha kumaliza sekondari, niliyoikunja ndani ya Biblia, na hakuna shule iliyokuwa wazi ya kunipa kazi. Nilichukuliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta wazazi wa watoto. Watu walikuwa wakikimbia kutoka upande wa Walikale, kupitia msituni na milimani, na katika kukimbia kule watoto walipotea: mmoja aliachwa mkono kwenye daraja, mwingine alifuata kundi ambalo si lake. Kila mtoto aliyefika peke yake aliandikiwa fishi ya karatasi: jina, umri, kijiji, jina la baba, jina la mama. Nilipoanza, fishi zilikaa ndani ya makartoni ya sardini, na mzazi akija tulizimwaga zote mezani, tukatafuta kwa vidole. Siku moja baba mmoja alingoja toka asubuhi mpaka mvua ya jioni, na fishi ya mwanawe ilikuwa imeshikana na nyingine kwa ute wa uji. Hapo ndipo mapadri walipomleta Monsieur Célestin kutoka Bukavu, na mashine yake, na hasira zake.

Leo vitabuni wanaandika hifadhidata. Sisi tuliita base, basi. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinikalisha sakafuni, akatandaza fishi kwenye sementi, akaniambia nizipange. Nikizipanga kwa majina, anauliza: "Na mama mwenye kutoka Mpofi, hajui jina mutoto alijitaja, atatafuta fasi gani?" Nikizipanga kwa vijiji, anauliza habari ya umri. Nilikaribia kulia. Ndipo akasema base ni hiyo: fishi zilezile, lakini zinazokubali kupangwa kila namna bila mtu kuzigusa, na kwamba ndani ya mashine kuna mtumishi wa kuzipanga, kuzilinda na kujibu maswali, na mtumishi huyo jina lake ni SGBD, herufi nne za Kifaransa za mfumo wa kusimamia base. Fishi ni mali, akasema, SGBD ni mlinzi wa ghala. Usichanganye mali na mlinzi. Alirudia mara nne.

Kwetu wakati ule herufi nne zikifuatana zilikuwa na maana moja tu: kundi jipya la wenye bunduki. Nilipomweleza Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka ng'ambo ya barabara na aliyetupikia chakula cha mchana, kwamba sasa tunafanya kazi na SGBD, aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Yesu! Na bale banatokea wapi tena? Komanda yao njo nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kwenye kizuizi cha njia ya Sake haikuwa kicheko: askari alikuta herufi hizo kwenye kitabu cha Monsieur, akamshusha garini, na ilimlazimu Monsieur kumfundisha askari yule mwenye bunduki tofauti ya mali na mlinzi, palepale juani, mpaka yule akachoka akamwachia. Nadhani naye aliambiwa mara nne.

Somo la pili lilikuwa la ufunguo. "Kila tablo inapashwa kuwa na ufunguo," alisema, na mimi, mtiifu, nikamletea ufunguo wa kabati. Alinitazama, akatazama ufunguo, na ile ndiyo siku pekee mwaka ule niliyomwona akicheka mpaka machozi. Kisha akaeleza. Tablo ni orodha: kila mstari mtoto mmoja, kila safu jambo moja juu yake. Sasa katika safu zote lazima iwepo moja isiyoweza kufanana kwa watoto wawili, hata ulimwengu ugeuke. Jina haliwezi, tulikuwa na akina Furaha kumi na mmoja. Umri hauwezi, kijiji hakiwezi. Kwa hiyo mashine inampa kila mtoto namba, namba hiyo ni yake, haipewi mwingine, na huo ndio ufunguo. Akataka watoto waijue kwa kichwa. Basi tukawafundisha kwa kupiga makofi, barazani, kila mmoja na namba yake kwa Kifaransa, na wao waliona ni mchezo.

Mama Kavira hakuona mchezo. Mezani kwake, juu ya viazi na maharagi na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga zilizopanda kutoka Shasha, alitugombeza wote wawili. "Munatia batoto namba sawa ngombe za Kirolirwe. Mutoto iko na jina. Mama yake alimupa." Monsieur alimjibu kwamba jina linapendeza lakini halitoshi. "Halitoshi? Kwetu Butembo linatosha!" Na hapo mteja mmoja, dereva wa lori aliyekuwa akingoja chai, akaanza kumtania: Kwenu? Kwenu mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, binti wa kwanza Masika, kila nyumba vilevile. Ukiita Kambale katikati ya soko la Butembo, nusu ya soko inageuka. Mama Kavira alijitetea kwamba ndivyo wanavyojua mkubwa na mdogo, heshima haipotei. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Nilikaa pale, mdomo umejaa viazi, nikasikia kila neno. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kujidanganya kwamba sikujua.

Kulikuwa na safu moja ambayo Monsieur alikataa kuiweka. Safu ya kabila. Ilikuwa kwenye karatasi za mwanzo, na yeye aliipiga mstari mwekundu siku ya kwanza bila maelezo. Maelezo yalikuja mwezi wa pili, kwa miguu, na askari watatu: afande mmoja aliingia chumbani, akavua kofia kwa adabu, akaomba apewe orodha ya watoto wote waliotoka upande fulani, imepangwa kwa makabila. Monsieur aliinua kitambaa cha altare, akamwonyesha kioo cha mashine. "Afande, angalia mwenyewe. Mashine haijue kabila. Kintu hukuiuliza, haiwezi kukujibu." Yule mtu aliangalia safu moja moja, kidole kwenye kioo, akavaa kofia yake akatoka. Monsieur alikirudisha kitambaa juu ya mashine. Nilijifunza siku ile kwamba katika base, unachokataa kukiandika nacho ni kazi. Na nasema mapema kwamba safu ile isingeniokoa na kosa langu, maana hao wawili ninaokuja kuwasimulia walikuwa wa kabila moja.

Msimu wa mvua ulipokolea, Monsieur aliteremka Goma kwa wiki moja kutafuta kipuri cha jenereta. Aliniachia ufunguo wa kabati, ule wa kweli, na maneno mawili: "Usifute kintu." Lakini nilikuwa nimeshajua kuuliza mashine maswali, na mtu aliyejifunza jambo juzi ni hatari kuliko asiyejua. Nilitaka arudi akute base safi. Kosa kubwa lililotusumbua lilikuwa watoto walioandikwa mara mbili: wengi walipita kwanza Shasha, ziwani, wakaandikwa, kisha wakaletwa Masisi wakaandikwa tena. Nikaiuliza mashine: nionyeshe mistari inayofanana. Ikanionyesha. Nikaanza kuipitia, nikifurahi kama mtu anayechambua mchele, huku kokoto, huku punje. Na kweli mingi ilikuwa mtoto yuleyule. Kisha nikafika hapa: namba themanini na saba, Masika, miaka sita, Mpofi, baba Kambale, mama Mama Masika. Na namba mia mbili na kumi na mbili: Masika, miaka sita, Mpofi, baba Kambale, mama Mama Masika.

Hata jina la mama, tazama. Mtoto wa miaka sita ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anataja analolisikia majirani wakiita, na majirani kwetu wanamwita mama kwa mtoto wake wa kwanza. Nani angemwambia jina jingine? Safu tano, zote sawasawa. Na kwa namba themanini na saba ilikuwa imeandikwa tayari: amekabidhiwa kwa baba yake. Niliona jambo liko wazi kabisa: mtoto amekwisha kwenda kwao, na huu wa pili ni mabaki. Mashine iliniuliza kwa Kifaransa kama kweli nataka kufuta. Nakumbuka niliona swali lile ni la dharau. Nikabonyeza ndiyo. Ijumaa nikatoa nakala ya base kwenye disketi, kama alivyonifundisha, juu ya nakala ya zamani, kwa hiyo yule mtoto alifutika hata huko. Na fishi za karatasi za wale wote niliowafuta nikampelekea Mama Kavira, maana karatasi ilikuwa haba, naye alikuwa na benye, yaani mandazi, za kufungia wateja. Watu wa Masisi walikula benye za moto zilizofungwa ndani ya watoto wangu, na mimi pia nilikula mbili.

Monsieur alirudi, akakuta base safi, akanisifu. Hakuwa mtu wa kusifu, nililala nikitabasamu. Siku ya tatu baada ya kurudi kwake, saa nne asubuhi, jenereta inanguruma, akaingia mwanamke mwembamba, miguu imevimba, ndala zimeshonwa kwa kamba ya nailoni. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Mpofi, kwa vituo, karibu miezi miwili, akiulizia kila kijiji. Nilimpa kiti. Nikamuuliza anamtafuta nani, naye akajibu kama mtu aliyejibu mara nyingi: "Mutoto yangu mwanamuke. Masika. Baba yake njo Kambale." Vidole vyangu vilikuwa vyepesi siku hizo. Nikaandika, nikapata, nikamgeukia na uso wa furaha. Nakumbuka ule uso wangu, nauchukia.

"Mama, furahi! Mutoto alishakabiziwa. Iko na baba yake."

"Na nani?"

"Na baba yake. Kambale."

Hakupiga kelele. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mama," akaniambia, "baba yake alikufa. Miye mwenyewe nilimuzika, mbele ya kukimbia."

Monsieur aliinuka kwenye meza yake. Wazo lake la kwanza, na langu, lilikuwa baya zaidi: kwamba tulimkabidhi mtoto kwa mtu mwongo. Alinituma nimwite Mama Kavira aje kumhoji yule mama kwa Kinande, lugha yao wote wawili, asipotewe na neno hata moja. Mama Kavira alikuja na unga mikononi. Walisema maneno matatu, manne, kisha Mama Kavira akajipiga kifuani. Akageuka kwetu. "Mpofi kulikuwa ba Kambale wawili! Mumoja mwenye kuuzisha chumvi, ule alichukuaka mutoto yake, iko Butembo, ninamujua, juzi tu alinitumia salamu. Na mwingine njo bwana ya huyu. Kila mumoja iko na Masika yake. Batoto bote wawili balikuwa banaenda kuchota mayi pamoja." Akanitazama. "Masika ya huyu iko wapi?"

Nilisema. Sikujificha, ingawa nilitamani sementi inifunike. Nilisema kwamba walikuwa wawili, nikafanya mmoja. Kwamba nilimfuta kwenye mashine, nikamfuta kwenye disketi, na karatasi yake nilimpa yeye Mama Kavira afungie benye. Mama Kavira alitoka mbio bila neno. Tulimwona dirishani akipindua kapu la karatasi dukani kwake, akisoma kila moja kwa kidole, akitupa, akisoma. Yule mama hakuelewa mashine wala disketi, lakini alielewa lile kapu. Akaketi sakafuni, pale Monsieur alipokuwa ananipangisha fishi, akafunika kichwa kwa kitenge. Alikuwa ametembea miezi miwili akidhani amefika.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Monsieur aliketi mbele ya mashine, akafungua tablo nyingine. Lazima nieleze kidogo. Watoto hawakulala ofisini. Tuliwaweka kwa familia za kuwapokea, na familia zilikuwa na tablo yao peke yake. Mle hatukuandika jina la mtoto tena. Kitu kinaandikwa mara moja, mahali pamoja, alikuwa akihubiri. Mahali pengine pote tunaandika namba tu, na namba inakurudisha. Ndivyo tablo mbili zinavyoshikana mikono. Akateremsha mistari polepole, nami nikisoma juu ya bega lake, mpaka akaweka kidole kwenye kioo. Mama Espérance, Kirolirwe. Mtoto: 212. Mbele ya namba ile, pale ambapo mashine ilipaswa kuleta jina, palikuwa peupe.

"Huu mustari iko yatima," alisema taratibu. Niliposhindwa kuelewa, akaeleza, na kwa mara ya kwanza hakurudia. Kulikuwa na kisanduku ambacho alipaswa kukiwekea alama alipoijenga base. Angekiweka namna moja, mashine ingenikatalia kufuta mtoto aliye kwenye familia. Angekiweka namna nyingine, nilipofuta mtoto mashine ingefuta na mstari wa familia pamoja naye, na tusingepata kitu. Hakukiweka namna yoyote. "Nilisahau," alisema. "Mwaka mzima ninakufundisha, na miye nilisahau." Sijui kama mtu aliwahi kushukuru kosa la mwalimu wake kama nilivyoshukuru mimi. Nilimwinamia yule mama pale chini nikamwambia tunajua mahali. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Tulipanda kesho yake kwa jeep ya mapadri, yule mama, dereva na mimi. Monsieur alinipa agizo moja, safari hii bila kurudia: usimpe mtoto kwa jina. Muulize mama kitu kimoja cha nyumbani ambacho hakimo katika safu zetu. Kisha muulize mtoto kitu hichohicho, mbali na mama. Basi njiani, matope mpaka kwenye ekseli, nilimuuliza yule mama: kwenu kulikuwa nini? Alifikiri sana. Akasema kulikuwa mbuzi mmoja aliyevunjika pembe, na Masika alikuwa akimfunga kitambaa pale penye kidonda, kila siku, hata kilipopona. Baadaye akanyamaza. Malisho ya Kirolirwe yalianza kufunguka pande zote, kijani, na ng'ombe wachache waliobaki, wengine walikuwa wamekwisha chukuliwa na wenye bunduki.

Mama Espérance alikuwa mwanamke mrefu, mikono inanuka maziwa. Tulimwacha yule mama ndani ya jeep, mimi nikashuka. "Masika?" akasema. "Hapa hamuna Masika." Nikamweleza: mtoto wa kike, miaka sita, aliletwa na ofisi. "Aaa, Gatoya!" Yaani Kadogo, kwa Kinyarwanda. Alisema mtoto alikataa kusema mwezi mzima, wakamwita hivyo. Akapaza sauti, na kutoka nyuma ya zizi akaja mtoto amebeba kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, akitembea polepole asimwage. Nikachuchumaa. Nilikuwa nimefuta mtu huyu kwa kidole kimoja, na sasa alisimama mbele yangu ana masharubu ya maziwa. Nilimuuliza anaitwa nani. Aliweka kikombe chini, akapiga makofi kama tulivyowafundisha barazani, akasema: "Deux cent douze."

Niliuliza swali la Monsieur. "Na kwenu kuko nini?"

"Kuko mbuzi," alisema. "Pembe yake inamuuma."

Sikumwita mama yake. Alikuwa amekwisha shuka, amesikia, amesimama ameshika mlango wa jeep kama mtu anayeogopa ardhi. Hakukimbia. Alikuja hatua kwa hatua, akapiga magoti, akampapasa mtoto masikio, shingo, magoti, kila mahali, kama anayehesabu kama vyote vipo. Mtoto alimwacha afanye. Kisha akasema, bila kulia, kwa hasira ya mtu mzima: "Mama, ulikawia." Mama Espérance aligeuza uso akaenda kuangalia ng'ombe. Mimi nililia wazi, kamasi na yote, na sikuona haya.

Masisi tulimwandika upya. Nilitaka arudishiwe namba yake, lakini mashine ilikataa. Namba iliyokwisha tumika haitolewi tena hata kwa mwenyewe. Ikampa nyingine, ambayo siikumbuki. Katika tablo likabaki pengo: mia mbili na kumi na moja, kisha mia mbili na kumi na tatu. Nilimwomba Monsieur atafute njia ya kuliziba. "Wacha ibakie," alisema. "Utakuwa unaiona." Tukaongeza safu ya sita, kwenu kuko nini, na tangu siku ile nilimuuliza kila mtoto. Base ile ilichukuliwa mwaka uliofuata pamoja na mashine na hata kitambaa cha altare, na watu waliovunja chumba kile. Nimefanya kazi na base nyingine nyingi tangu hapo, kubwa na za haraka. Katika kila moja mimi huuliza mara nne kabla ya kufuta, na vijana wa ofisini hunicheka.

Na sasa pengo lile limekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, limevaa kitenge cha kijani, linaniambia kwamba mama yake yu hai, yuko Beni, mzee, bado anasimulia habari za benye. Tulicheka, na wanawake wa kilio wakatugeukia kwa macho makali, tukajifanya tunakohoa. Alitaka kumwona Monsieur kwa mara ya mwisho, alisema, kwa sababu ya kisanduku kile alichosahau. Mtoto wake alikuwa amemaliza mandazi na alinitazama kwa macho ya kunichunguza. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Sikuweza kujizuia.

"Na weye unaitwaka nani?"

"Masika."

"Papa yako?"

"Kambale."

Mama yake alifunika uso kwa mkono. "Sasa ningefanya nini, Mama Mapendo? Mwenye alinioa anaitwa Kambale."

"Na mama yako anaitwa nani?"

Mtoto alishangaa kwamba naweza kuuliza jambo la namna hiyo. "Mama Masika."

Safu zilezile, moja baada ya moja. Nikamvuta karibu, nikamfuta sukari shavuni, nikamuuliza lile swali nililochelewa kujifunza.

"Na kwenu kuko nini?"

Alifikiri, akatazama turubai, akatazama viatu vyake, kisha akainua macho kwa yule wa kitenge cha kijani aliyekaa kando yangu.

"Kwetu kuko mama," alisema.